Upepo Uliobaki Kwenye Breki

Baba mkwe wangu aliacha kuendesha gari akiwa bado dereva mzuri kuliko wote niliowahi kupanda nao, na aliacha kwa sababu yangu. Watu waliamini ni uzee. Yeye mwenyewe alisema ni mguu wake wa kulia. Mimi nilijua ni nini, nikakaa kimya, na jina nililolipata mjini Kahama kama fundi wa breki lilianzia kwenye ule ukimya.

Nilizaliwa Ngokolo, Shinyanga mjini, binti wa fundi wa mitambo ya kuchambua pamba. Nyumbani kwetu hapakuwa na mtoto wa kiume, basi baba alinishikisha spana kabla mama hajanishikisha mwiko. Baadaye nikapelekwa chuo cha ufundi, msichana peke yangu darasani. Wavulana walinitania kwamba nitaolewa na jeki. Niliolewa na mwalimu wa shule ya msingi, na baba yangu, ambaye hakuwaamini watu wa chaki, alisema afadhali jeki, kwa kuwa jeki hunyanyua kitu.

Mume wangu alikuwa wa familia ya Kisumbwa, asili yao Ushirombo, Wakatoliki wa kusali rozari kila jioni, waliohamia Nyasubi, hapa Kahama mjini, baba mkwe alipoanza kazi ya kuendesha malori ya pamba. Niliolewa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mzee alikuwa ameshaacha malori na kununua pikapu iliyotumika, ya rangi ya maziwa. Kwa gari hilo alibeba mchele, wagonjwa, maharusi, na masista wanaokwenda mafungo. Aliliosha mwenyewe. Hakumruhusu mtu yeyote kufunga mlango wake kwa nguvu.

Ndani ya familia ile nilikuta heshima ambayo sikuizoea. Mkamwana hasemi na baba mkwe uso kwa uso. Unapiga magoti mbali kidogo, unasema shikamoo, anaitikia marahaba akiwa ameangalia kwingine, basi. Hampeani kitu mkono kwa mkono. Unaweka chini, anaokota. Ukiwa na neno, unampa mama mkwe au mume amfikishie. Ikitokea hapana mtu, unaliambia neno lako jiko, au mlango, naye anasikia kana kwamba hakusikia. Mimi nina mdomo na sina subira. Miezi ya kwanza nilikuwa nikirudi chumbani na maneno yamenijaa mpaka kooni. Mume wangu alicheka tu na kuniambia heshima si utumwa. Nilimjibu kwamba anayesema hivyo kwa kawaida si yule anayepiga magoti.

Ugonjwa wa pikapu niliusikia nikiwa jikoni. Mzee alikuwa akiingia uani, na gurudumu la mbele la kulia likawa linasugua hata baada ya mguu wake kuondoka kwenye breki. Kisha ikaja harufu ya kuungua. Breki za mbele za gari lile zilikuwa za diski: bamba la chuma linazunguka na gurudumu, na juu yake kuna kalipa, chuma kizito kinacholikumbatia bamba kutoka pande zote mbili. Ukikanyaga, mafuta yanasukuma pistoni ndani ya kalipa, pistoni inasukuma pedi, pedi zinabana diski. Ukiachia, inapaswa kulegea. Ile ya kulia ilikuwa hailegei. Mafundi wa mjini waliigonga nyundo na kumrudishia, na baada ya siku mbili ikawa inanata tena.

Nilimwambia mume wangu kuwa pistoni imeshika kutu na nyundo haiponyi kutu. Akamfikishia baba yake. Wiki nzima ikapita bila jibu. Siku moja nikiwa napepeta mchele, nikamsikia mzee akiwaambia kuku, kwa sauti ya kutosha kufika nilipo, "Kama kuna mtu aliyesomea, si aangalie."

Nikafunga kanga juu ya suruali yangu ya kazi, kwa kuwa suruali mbele ya mkwe ilikuwa haisemeki, nikaingia chini ya gari. Nilipoifungua breki nilikuta pedi moja imeisha hadi chuma, na ya pili ikiwa karibu mpya. Pistoni niliitoa kwa upepo wa pampu ya kujazia matairi, nikiwa nimeweka kipande cha ubao na matambara mbele yake isije ikaruka. Ilikuwa imeliwa na kutu, mashimo mashimo kila upande. Hata mwili wa kalipa ulikuwa na ufa mdogo pale nyundo zilipopita.

Vipuri miaka ile vilikuwa kama mvua ya Shinyanga, vinasemwa sana na havionekani. Nikakumbuka kwamba Maganzo, kwa wafanyabiashara wa almasi, palikuwa na gari la aina ile lililopinduka. Nikapanda basi nikaenda mwenyewe. Nilirudi na kalipa yake ya kulia imefungwa kwenye kitenge, nzito mapajani, nikiwa na furaha kuliko siku ya mahari yangu. Mpira wake wa ndani, ule mnaouita sili, ulikuwa umechoka, lakini binamu yangu alinipatia mpya kutoka Mwanza, pamoja na pedi na kikopo kimoja cha mafuta ya breki. Kimoja tu.

Ile kazi niliifanya vizuri, na ninalisema hili kwa sababu baadaye sina jema la kujisemea. Niliiosha kalipa kwa spiriti, si kwa petroli, maana petroli huvimbisha mpira. Nilisugua ndani kwa msasa laini mpaka ukucha wangu ukawa haukwami popote. Nilipaka sili mafuta ya breki, nikaikalisha kwenye mfereji wake, nikaisukuma pistoni kwa vidole gumba viwili, ikaingia taratibu bila kulalamika. Mzee alikuwa amekaa kibarazani anasoma gazeti la zamani. Nilijua anatazama, kwa sababu kwa saa nzima hakugeuza ukurasa.

Ikabaki kutoa upepo. Ukishafungua bomba la breki, upepo huingia, na upepo ukibaki humo pedali haisukumi kitu. Unakanyaga na mguu unazama. Kuutoa kunataka watu wawili. Mmoja anakaa ndani anakanyaga na kushikilia. Mwingine yuko kwenye gurudumu anafungua nipeli, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo, upepo na mafuta vinatoka, anafunga, ndipo wa ndani anaachia. Akiachia kabla nipeli haijafungwa, upepo unavutwa kurudi ndani, na mmefanya kazi bure.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Mume wangu alikuwa semina ya walimu, anarudi Jumapili. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa kwenye kambi ya jeshi. Mama mkwe alikuwa ametangulia Ushirombo na akina mama wengine, kwa sababu kesho yake kijana wa jirani alikuwa anaoa binti wa huko, na mzee ndiye aliyeahidi kwenda kumleta bibi harusi. Ningeweza kumwita mtu barabarani. Lakini mzee alikuwa amefunga geti tangu asubuhi. Hakutaka mji ujue kwamba gari lake linatengenezwa na mkamwana wake, na mimi nilimwelewa.

Akainuka kibarazani, akapita upande wa mbali, akaingia kwenye gari na kukaa nyuma ya usukani. Nami nikachuchumaa kwenye gurudumu na spana yangu, kanga imefungwa vizuri, nikagundua kwamba sina neno la kumwambia. Gerejini tunasema kanyaga, shika, achia. Utamwambiaje baba mkwe kanyaga?

Nikaiambia diski, "Breki ingekanyagwa kidogo, ingefaa."

Akakiambia kioo cha mbele, "Imekanyagwa."

"Ingeshikiliwa hapo hapo chini."

"Imeshikiliwa."

Nikafungua nipeli. Mafuta yakatoka na povu, yakaangukia kopo. Nikafunga. "Sasa ingeweza kupumzishwa."

"Imepumzishwa."

Ukweli ni kwamba nilikuwa karibu kucheka, na nadhani naye pia. Tukaendelea hivyo, mimi na diski, yeye na kioo. Hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyokuwa tumewahi kuwa nayo, na niliyapenda. Lakini mara ya tatu au ya nne, nilipofungua nipeli, alinyanyua mguu papo hapo. Nikasikia upepo ukivutwa ndani, sauti ndogo, kama mtu anayenyonya jino. Nikasema tena kwamba ingeshikiliwa. Akasema imeshikiliwa. Nikafungua, akanyanyua.

Haikuwa ubishi. Mtu aliyeendesha malori karibu maisha yake yote, pedali ikizama chini ya mguu wake, mguu unanyanyuka na kukanyaga upya wenyewe. Ndivyo dereva anavyookoa roho yake. Nilipaswa kusema neno moja, "Usiachie." Kwa mwanafunzi wa chuo ningelisema na matusi mawili juu yake. Kumwambia yeye ilikuwa ni kumwambia kwamba anakosea, ndani ya gari lake, kwenye kazi yake, tena kwa mdomo wa mke wa mwanawe. Kuna njia ya kuacha mafuta yatiririke yenyewe polepole bila mtu kukanyaga, lakini inakula mafuta, na kikopo kilikuwa kinaelekea mwisho.

Niliona mapovu. Nataka hilo lieleweke: niliyaona kwa macho yangu, mara ya mwisho, meupe, yakitoka pamoja na mafuta. Nikafunga nipeli, nikaikaza, nikaiambia diski, "Imetosha."

Akajaribu. Kukanyaga kwa kwanza kulizama kidogo, kwa pili kukawa kugumu. Akazunguka uani mara mbili na kusimama, gari likasimama sawasawa bila kuvuta upande. Akazima injini. Akakiambia kioo, "Breki imekuwa breki."

Tangu niolewe sikuwa nimesifiwa na mtu yeyote wa nyumba ile kwa kitu nilichokifanya kwa akili yangu. Nilijiambia kuwa upepo ni kidogo, kwamba Jumapili mume wangu akirudi tutautoa wote. Nikaenda kunawa mikono.

Ya Jumamosi niliyapata kwa mama mkwe, aliyekuwa amekaa nyuma ya pikapu na akina mama wenzake, wakiimba. Bibi harusi na msimamizi wake walikuwa mbele na mzee. Njia ni ndefu na jua lilikuwa kali, na breki ikipata moto upepo uliomo ndani hupanuka. Kwenye mteremko wa kijito kimoja, ng'ombe walitokea vichakani wakajaza barabara. Mama mkwe alisema gari halikupunguza mwendo. Kisha likapunguza kidogo, kisha likakata kushoto, likavuka mtaro, likaingia kwenye shamba la mihogo na kusimama katikati ya miti.

Hakuna aliyeumia. Kreti moja ya soda ilivunjika, na shela la bibi harusi likajaa vumbi na majani. Dereva mwingine angewaua ng'ombe, na pengine watu. Lakini mjini haikusimuliwa hivyo. Kanisani Kahama walifika wamechelewa, na upande wa bwana harusi, Wasukuma ambao hawakosi neno, walitania kwamba mzee alikwenda Ushirombo kuoa mihogo. Kila mtu alicheka. Mmoja akasema, bila ubaya wowote, kwamba mzee amechoka sasa, aachie vijana.

Jumapili jioni mume wangu na kaka yake mkubwa, aliyekuja kutoka kwake kwa ajili ya jambo hilo, walikaa naye kibarazani, wakamuuliza. Mimi nilikuwa jikoni, mlango uko wazi.

"Mguu ulichelewa," alisema. "Macho yaliwaona ng'ombe, mguu ukasinzia."

"Haikuwa breki, baba?" mume wangu aliuliza.

"Breki imetengenezwa juzi. Breki haina kosa."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Hatua kumi tu, na maneno machache, ningeyaambia hata mlango kama ilikuwa lazima. Nilibaki nikisonga ugali mpaka ukaungua chini. Mkamwana haingilii mazungumzo ya wanaume na baba mkwe, nilijiambia. Mila ile niliyokuwa nailalamikia kila usiku chumbani, jioni hiyo niliifurahia, kwa sababu ilinipa pa kujificha.

Jumatatu nilimwomba mume wangu tutoe upepo. Yeye nilimwamrisha nilivyotaka: kanyaga, shika, usiachie. Yakatoka mapovu mengi.

"Upepo huu wote umetoka wapi?" aliuliza.

"Gari likiegama mtaroni huingia," nilimwambia. Mwalimu wa hesabu na kilimo, akaniamini.

Pedali ikawa ngumu kama inavyotakiwa tangu kukanyaga kwa kwanza. Nilitumaini mzee ataikanyaga na kuelewa mwenyewe. Hakuikanyaga tena. Alimpa shemeji yangu ufunguo aliporudi kutoka kambini, na shemeji akaliendesha gari lile kama mtu aliyeliokota. Mzee alisikia milango ikibamizwa na hakusema neno. Aliletewa baiskeli akasema hapana, kama mguu haumtii kwenye gari hautamtii kwenye baiskeli. Alikwenda kwa masista wa zahanati wakampima macho, wakamwambia ni mazima. Badala ya kufurahi akarudi kimya kuliko alivyokwenda. Kama si macho, alimwambia mama mkwe, basi ni kichwa.

Akaanza kuuliza uliza. Je, alifunga geti? Je, alikwisha kunywa dawa? Alikuwa amefunga, alikuwa amekunywa. Alikuwa hajasahau kitu, ila alikuwa ameacha kujiamini, na mtu asiyejiamini huzeeka haraka.

Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba alinisifu. Kila penye watu, ubatizo, msiba, kikao cha jumuiya, alisimulia siku ya mihogo, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba mguu ulimwangusha lakini breki ya mwanamke yule ndiyo iliyowaokoa. Hakulitaja jina langu, mila haikuruhusu, lakini mji ni mdogo. Watu wakaanza kuleta magari. Kwanza uani, kisha nikapata kibanda changu karibu na soko, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo pale Nyasubi. Wakaja madereva wa Runzewe, wakaja watu wa machimbo ya Geita na malandrova yao yenye tope jekundu. Wote walisema wameletwa na sifa. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha mbali sana.

Miaka minne hivi baada ya harusi ile, asubuhi moja, alikuja kibandani. Nilikuwa nimefungua gurudumu la gari la wateja wawili kutoka machimboni, nao walikuwa wamesimama hapo wakinisubiri. Mzee alikuwa na fimbo, ingawa hakuwa na mguu mbaya. Nikataka kupiga magoti kwenye mafuta, akanizuia kwa mkono. Akakaa juu ya tairi kuukuu, mbele yangu kabisa, akanitazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza kuona rangi ya macho yake.

"Mwanangu," alisema, "nimekuja kukuuliza kama fundi. Ya ukwe tuyaweke pembeni kidogo."

"Karibu, baba."

"Siku ile ya ng'ombe. Mimi nakumbuka pedali ilizama. Ilizama kama hakuna kitu chini yake. Nikakanyaga tena ikazama, ya tatu ndiyo ikashika. Ndivyo mguu wangu unavyokumbuka. Nikiwaambia wanangu wananiambia pumzika, baba." Akailaza fimbo mapajani. "Nilisema ni mguu, kwa sababu sikutaka uonekane vibaya, mgeni kwetu. Sasa nimelisema mara nyingi hata sijui tena. Wewe ndiye uliyeishika ile breki. Niambie. Ilikuwa mguu?"

Wale wateja wawili waligeuka kututazama. Mmoja alikuwa na mkono juu ya boneti ya gari lake. Hapakuwa na mila siku hiyo. Alikuwa ameiondoa mwenyewe, na alikuwa amekuja kwa miguu, kutoka nyumbani, peke yake, kuomba kurudishiwa akili zake.

"Ilikuwa mguu, baba," nilisema. "Breki ilikuwa nzima."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Wabeja," alinishukuru kwa kilugha. "Nilitaka kujua tu."

Akainuka kwa kuegemea fimbo, akaenda mpaka ukingoni mwa barabara. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Barabara ilikuwa tupu, isipokuwa baiskeli moja ya mkaa, mbali sana, ikija polepole. Alisimama pale akaingoja baiskeli ile mpaka ikafika, ikampita na kutokomea, ndipo akavuka.